Kukimbia na Kukimbilia: Kuchora Njia ya Mwendo kwa Mkono katika Masimulizi ya Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Katika seminari moja ya fasihi simulizi kitivoni kwetu, kundi la wanafunzi lilionyesha ramani ya Kivu ya Kaskazini ukutani kwa projekta. Walikuwa wamekusanya masimulizi ya watu waliohama makwao, na badala ya kuyasoma tu walitaka wasikilizaji waione safari yenyewe. Nukta nyekundu ilianza Goma, ikapita Sake, ikapanda milima, ikaishia Masisi-Centre. Wengi tulipiga makofi. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Masisi hakupiga. Aliuliza kwa upole kwa nini nukta ilikuwa ikirudi nyumbani ilhali msimulizi alikuwa akiondoka. Tuliporudia nakala ya masimulizi tuliliona kosa. Msimulizi alisema kwamba watu wake walikimbia Masisi. Aliyechora alisoma kwamba walikimbilia Masisi.

Silabi moja, li, iliyoingia karibu na mwisho wa kitenzi, ilikuwa imegeuza safari nzima. Mapigano yalifika Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huo huo. Kwa msikilizaji aliyetoka huko na mtoto mgongoni, mshale uliogeuzwa unafuta alichokisema. Ndiyo maana nimeona inafaa tujifunze vizuri kazi hii, ambayo wengi wetu tunaidhani ni ya watu wa kompyuta peke yao: kuchora kwa mkono njia ya mwendo katika programu ya uhuishaji.

Hoja ya makala hii ni moja. Mstari unaochorwa kwa mkono husema mambo mengi kuliko sentensi inayouzaa. Sentensi ya Kiswahili inaweza kunyamaza kuhusu mahali safari ilipopinda, ilipokawia na ilipopumzika, lakini mstari hauwezi kunyamaza. Kwa hiyo mchoraji anapaswa kujua ni kipi amekitoa katika maneno ya msimulizi, na ni kipi ameongeza kwa mkono wake.

2. Njia ya mwendo ni nini?

Katika programu za kutengenezea slaidi, kama vile PowerPoint na Impress ya LibreOffice, kitu chochote kilichowekwa kwenye slaidi kinaweza kupewa mwendo. Programu ina njia zilizokwisha kutengenezwa: mstari ulionyooka, duara, upinde. Ina pia nafasi ya mtumiaji kuchora njia yake mwenyewe kwa kipanya, na kitu kikaifuata tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Hiyo ndiyo njia ya mwendo iliyochorwa kwa mkono.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Ronald Baecker, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alilieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1969. Programu yake, GENESYS, ilifanya kazi kwenye kompyuta ya TX-2, ileile ambayo Ivan Sutherland aliitumia kwa programu yake ya kuchora, Sketchpad, miaka michache kabla. Mtumiaji wa GENESYS alichora njia kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kibao, na kompyuta ikahifadhi mambo mawili kwa pamoja: umbo la mstari na mwendokasi wa mkono uliouchora. Mkono ukisita, picha nayo ilisita. Mkono ukikimbia, picha ilikimbia.

Programu za slaidi tunazozitumia leo hazifanyi hivyo. Zinahifadhi umbo la mstari, kisha zinamwomba mtumiaji ataje muda kwa sekunde. Ukichora polepole kwenye mlima na haraka kwenye tambarare, tofauti hiyo inapotea, na kitu kitapita njia nzima kwa mwendo uleule, isipokuwa kama kimewekwa kianze au kimalizie taratibu. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu litaturudia tutakapozungumzia wakati.

3. Kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo

Kabla ya kushika kipanya, mwanafunzi wa lugha ana kazi ya kufanya kwenye maandishi. Tuanze na kiambishi ni cha mahali. Tunasema:

(a) Ametoka sokoni.
(b) Amekwenda sokoni.
(c) Yuko sokoni.

Neno sokoni halikubadilika hata mara moja. Katika (a) soko ni mwanzo wa mstari, katika (b) ni mwisho wake, na katika (c) hakuna mstari kabisa. Kiswahili cha Kongo kinafanya vivyo hivyo kwa njia yake: anayesema balitoka ku Masisi na anayesema balienda ku Masisi wanatumia ku ileile. Mahali panatajwa tu, na mwelekeo unabebwa na kitenzi. Mwanaisimu Leonard Talmy ameonyesha kwamba lugha za dunia hutofautiana katika jambo hili: nyingine huweka njia ya mwendo ndani ya kitenzi chenyewe, nyingine huiweka katika vijineno vinavyokizunguka. Vitenzi vyetu vya kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuvuka na kupita vinaonyesha wazi kwamba Kiswahili kiko upande wa lugha za kundi la kwanza.

Hata neno kutoka tunalolitumia kama kihusishi, katika kutoka Sake hadi Goma, ni kitenzi kilichopewa kazi ya pili. Anayechora kwa kufuata majina ya mahali peke yake, bila kuvisoma vitenzi, atakuwa na nukta nyingi kwenye ramani na hatajua aanzie wapi.

Kisha kuna kauli ya kutendea, ambayo ndiyo iliyotuangusha seminarini. Kukimbia mahali ni kupaacha kwa hofu. Kukimbilia mahali ni kupaendea kwa kutafuta salama. Kufika ni kumaliza safari au hatua ya safari, bali kufikia kwa mtu ni kushukia kwake na kukaa, kama mgeni anavyofikia kwa mjomba wake. Kwa mchoraji hiyo si tofauti ndogo: anayefika anaweza kuondoka mara moja, lakini anayefikia anahitaji nukta isimame.

Jina mkimbizi nalo lina mtego. Tukisema wakimbizi wa Masisi, je, ni waliotoka Masisi au ni waliopokelewa Masisi? Kihusishi wa hakisemi. Slaidi yenye kichwa hicho inaweza kuchorwa mishale miwili inayopingana, na yote miwili ikawa na haki kisarufi. Dawa yake ni kurudi kwenye kitenzi alichokitumia msimulizi.

4. Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukue masimulizi mafupi niliyoyatunga kwa ajili ya somo hili:

Tulikimbia Nyabiondo alfajiri. Tukafika Masisi-Centre, tukafikia kwa mjomba kwa siku mbili. Kisha tukapitia Mushaki, tukashuka mpaka Sake tukibeba watoto. Mwishowe tukakimbilia Goma.

Tuandike jedwali la akili kabla ya kuchora. Nyabiondo ni mwanzo, kwa kuwa tumeambiwa kukimbia. Masisi-Centre ni kituo, na nukta itasimama hapo. Mushaki ni mahali pa kupita bila kusimama. Sake ni mwisho wa mteremko, kwa kuwa Mushaki imeinuka juu na Sake iko chini, karibu na Ziwa Kivu. Goma, iliyo kilomita 25 hivi mashariki ya Sake, ni mwisho wa safari nzima. Maneno manne ya vitenzi yametupa mwanzo, kituo, mapito na mwisho.

Sasa tuangalie ambacho hatukupewa. Hatujui kama walifuata barabara kuu au vijia vya mashambani. Hatujui kama walikwenda kwa miguu au kwa pikipiki. Hatujui safari ya Masisi-Centre hadi Sake ilichukua saa ngapi. Sentensi imeyaacha wazi na bado ni sentensi kamili. Mstari hautayaacha wazi.

5. Kuchora hatua kwa hatua

Kwanza, weka ramani kwenye slaidi na uikamilishe kwa ukubwa utakaoutumia siku ya kuonyesha. Njia ya mwendo huhesabiwa kwa vipimo vya slaidi, wala haishikamani na ramani iliyo chini yake. Ukiikuza ramani baada ya kuchora, nukta itaiacha barabara na kutembea ziwani.

Pili, tengeneza nukta ndogo na uiweke juu ya mahali pa kuanzia. Ichague, fungua menyu ya uhuishaji, tafuta fungu la njia za mwendo, kisha chagua njia ya kujichorea mwenyewe.

Tatu, amua namna ya kuchora. Programu hizi hutoa namna mbili kubwa. Unaweza kushikilia kipanya na kuburuta kama unayechora kwa penseli, na mstari utafuata kila mtetemeko wa mkono. Au unaweza kubofya kwenye kila kona, na programu ikaunganisha kona hizo kwa mpindo laini. Ukifika mwisho unabofya mara mbili. Kwa barabara ya milimani nashauri namna ya pili. Mtetemeko wa mkono unaonekana ukutani kama kona za barabara, na mtazamaji hana njia ya kujua kwamba kona ile ni kikombe cha kahawa kilichogusa meza.

Nne, sahihisha. Katika PowerPoint, bofya mstari kwa kitufe cha kulia na uombe kuhariri vituo vyake. Kila kituo kinaweza kusogezwa au kufutwa. Mstari wenye vituo vichache ambavyo unaweza kuvitetea kimoja kimoja ni bora kuliko mstari wenye vituo mia moja ulivyovipata kwa bahati.

Tano, gawanya safari. Kwa masimulizi yetu, usichore mstari mmoja kutoka Nyabiondo hadi Goma. Chora mitatu: Nyabiondo hadi Masisi-Centre, Masisi-Centre hadi Sake kwa kupitia Mushaki, na Sake hadi Goma. Hapa kuna mtego mwingine wa PowerPoint: njia ya pili haianzi pale njia ya kwanza ilipoishia, bali huanzia pale nukta ilipokuwa imewekwa mwanzoni. Usipousogeza mwanzo wa mstari wa pili hadi ukagusa mwisho wa mstari wa kwanza, watu wako wataruka ghafla kurudi Nyabiondo kabla ya kwenda Sake.

Sita, kumbuka kwamba wakati wa kuonyesha mtazamaji haoni mstari, anaona nukta tu ikisogea. Ikishapita, hakuna alama inayobaki. Ukitaka alama ibaki, chora mstari wa pili wa kawaida juu ya ramani na uufanye utokee kidogo kidogo. Na kwenye karatasi mwendo wote hupotea, kwa hiyo andika sentensi ya msimulizi chini ya ramani.

6. Ka, ki na mpangilio wa wakati

Katika orodha ya uhuishaji kila mwendo hupewa sharti la kuanza: uanze kwa kubofya, uanze baada ya uliotangulia, au uanze pamoja na uliotangulia. Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kukariri masharti haya, maana anayo tayari katika sarufi yake.

Ka ya masimulizi ndiyo baada ya uliotangulia: tukafika, tukafikia, tukapitia, tukashuka. Kila tendo linasubiri lililopita liishe. Ki ya wakati mmoja ndiyo pamoja na uliotangulia: tukashuka tukibeba watoto. Kwa hiyo kama picha ya mtoto imewekwa kando ya nukta, isifuate nyuma baada ya nukta kufika Sake. Isogee nayo, kwa muda uleule, kwa njia iliyo sambamba. Na kubofya? Huko ni kuvuta pumzi kwa msimulizi. Pale anaponyamaza, anakunywa maji au anasema kisha, ndipo anayeonyesha anaposubiri.

Muda wa sekunde ndio mahali ambapo mkono wetu unaingiza mambo mengi bila kujijua. Ukiweka sekunde tatu kwa kila kipande, umesema kwamba vipande vyote vitatu ni sawa. Siku mbili za kwa mjomba zinaweza kuonyeshwa kwa kuchelewesha mwendo unaofuata, na hilo tumeambiwa na msimulizi. Lakini mwendo wa kutoka Masisi-Centre hadi Sake ulikuwa wa haraka au wa polepole? Hatukuambiwa. Kama ingekuwapo kalamu ya Baecker tungejidanganya zaidi, kwa kuwa mwendokasi wa mkono wetu darasani ungesimama badala ya mwendo wa miguu yao. Njia ya kweli ni kuweka muda unaolingana na urefu wa mstari na kuwaambia wasikilizaji kwamba umefanya hivyo.

7. Pale mstari unapopaswa kukaa kimya

Walikale inatupa somo jingine. Ni wilaya kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu yake kubwa ni msitu. Mtu akisimulia kwamba waliingia msituni wakatokea Walikale-Centre, vitenzi vimetupa mahali pa kuingia na mahali pa kutokea. Katikati yake hakuna kitu. Mchoraji akizungusha mstari kwa madaha kati ya miti, atakuwa ametunga hadithi yake.

Kuna njia tatu za kuheshimu ukimya huo. Ya kwanza ni kuifanya nukta ififie ilipoingia msituni na kutokea tena upande wa pili, bila njia katikati. Ya pili ni kutumia mstari ulionyooka, na kusema wazi kwamba unyoofu wake unamaanisha hatujui. Ya tatu ni kumrudia msimulizi, kumpa kalamu na karatasi, na kumwomba achore mwenyewe. Kwa maoni yangu ya tatu ndiyo bora, kwa kuwa mkono unaochora unakuwa mkono uliopita. Lakini inataka idhini. Kijia ambacho watu walikipita kwa kujificha kinaweza kuhitajika tena. Mtu anaweza kukuchorea kwa kukuamini, bila kutaka kijia hicho kionyeshwe ukumbini. Ukiwa na shaka, onyesha mwanzo na mwisho tu, au uache hata hivyo.

8. Zoezi: safari ya Mwindo

Wanaotaka kujizoeza bila kugusa jeraha la mtu aliye hai wanayo matini kubwa kutoka Walikale kwenyewe. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga ulisimuliwa na Shekarisi Rureke na kurekodiwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, mwaka uleule wa tasnifu ya Baecker. Mwindo anasafiri majini akiwa amefungiwa ndani ya ngoma, anashuka chini ya ardhi kumfuata baba yake aliyemkimbia, anarudi naye juu, na baadaye anapelekwa mbinguni na Nkuba, bwana wa radi.

Fanyeni hivi kwa makundi ya watu watatu:

(a) Orodhesheni vitenzi vyote vya mwendo katika sura moja, na mbele ya kila kitenzi andikeni kama kinatoa mwanzo, mapito, kituo au mwisho.
(b) Amueni namna ya kutofautisha mwendo wa majini, wa ardhini, wa chini ya ardhi na wa angani. Ramani inayotazamwa kutoka juu haiwezi kuonyesha kushuka. Pengine mtahitaji mchoro wa kando, kama mlima uliokatwa kwa kisu.
(c) Choreni njia, kisha mpeni kundi jingine slaidi bila maneno. Waandike masimulizi kwa kuitazama nukta peke yake.
(d) Linganisheni masimulizi hayo na matini. Kila kitu walichokiandika ambacho hakimo katika matini kimetoka mkononi mwenu. Kihesabuni.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba njia ya mwendo iliyochorwa kwa mkono inataka majibu ya maswali manne: ilianzia wapi, ilipita wapi, ilisimama wapi, ilichukua muda gani. Kiswahili hujibu maswali hayo kwa vitenzi, kwa kauli ya kutendea, kwa ka na kwa ki, na mara nyingi hakijibu yote. Kuchora basi ni namna ya kusoma, tena ya kusoma polepole, kwa sababu kipanya hakiwezi kuruka neno ambalo jicho limeliruka.

Kundi la seminari yetu lilirekebisha slaidi yake wiki iliyofuata. Nukta ilianzia Masisi-Centre, ikapita Mushaki kwa mstari ulionyooka, ikashuka Sake, ikasimama. Chini yake yaliandikwa maneno ya msimulizi, na kitenzi walikimbia kilipigiwa mstari. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, na mwenzetu wa Masisi aliomba slaidi ionyeshwe mara ya pili.